Msitu Uliokaa Mahali pa Watu

Juni 1799 meli iitwayo Pizarro ilitia nanga Santa Cruz de Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, ikiwa njiani kwenda Amerika ya Kusini. Ndani yake alikuwamo Alexander von Humboldt, Mjerumani wa miaka 29, na siku chache alizopata nchi kavu alizitumia kuupanda Teide, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,715. Kadiri alivyopanda aliona mimea ikibadilika ngazi kwa ngazi. Baadaye akaipanga katika mikanda mitano: mizabibu chini, juu yake milaureli, kisha misonobari, kisha vichaka vya retama, na kileleni nyasi. Mpangilio huo ulisomwa Ulaya nzima, ukawa miongoni mwa misingi ya elimu ya jiografia ya mimea.

Mikanda minne ya juu ni uoto wa asili. Ule wa kwanza sio. Mizabibu ililetwa na Wazungu, na ilipandwa mahali ambapo karne tatu kabla yake palikuwa na msitu mkavu wa mireteni, mizeituni mwitu, mitende na miti iitwayo drago. Humboldt aliandika alichokiona, na kufikia mwaka ule pale palikuwa na mizabibu. Msitu ulikuwa umetoweka kiasi kwamba hata yeye, aliyekuwa na jicho kali la mimea kuliko karibu wasafiri wote wa zama zake, hakuupa mkanda wake. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla wanasayansi hawajaupa msitu huo nafasi yake kwenye ramani.

Visiwa vya Kanari viko katika Bahari ya Atlantiki, na kile kilicho karibu zaidi na bara, Fuerteventura, kiko kilomita 100 hivi kutoka pwani ya Moroko. Havikuwahi kuungana na bara. Vyote vilizaliwa na volkano chini ya bahari: Fuerteventura ina umri wa zaidi ya miaka milioni 20, na El Hierro, kisiwa kidogo cha magharibi kabisa, ina zaidi kidogo ya milioni moja. Kila mmea wa asili uliopo leo ulifika kwa upepo, kwa maji au katika tumbo la ndege. Iliyofika ikabadilika huko huko, hadi leo visiwa hivi vina zaidi ya aina 500 za mimea isiyoota kwa asili mahali pengine popote duniani.

Upepo wa kaskazini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima na kusukuma mawingu kwenye miteremko. Mawingu yanapogota ndipo penye misitu ya milaureli, iliyolowa na yenye giza. Chini kabisa, karibu na bahari, kuna vichaka vya jamaa ya mnyaa, vyenye utomvu mweupe na vinavyostahimili chumvi na jua. Kati ya hapo na hapo, takriban mita 200 hadi 600 upande wa upepo na juu zaidi ya hapo upande mkavu wa kusini, ndipo palipokuwa na mireteni. Mvua ni haba, milimita 250 hadi 450 kwa mwaka. Baridi kali haifiki, wala joto la pwani halichomi.

Mreteni wa Kanari, ambao wenyeji huuita sabina, ni mti mfupi. Matawi yake machanga yamefunikwa na majani madogo mfano wa magamba, yaliyobana sana hata ukiyashika unayahisi kama uzi mnene. Gome linachanika kwa nyuzi ndefu za kijivu, na ndani mbao ni nyekundu, nzito na zenye harufu. Tunda lake ni kitufe cha kahawia iliyokolea wekundu, kikubwa kidogo kuliko punje ya njegere, na mbegu nyingi zilizomo huwa tupu, hazina kiini. Mti huu ni wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Ethiopia. Aliyewahi kutembea katika msitu mkavu wa Mukogodo, au kwenye miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro ambako mtarakwa na mzeituni mwitu huota bega kwa bega, angejikuta kwenye mazingira anayoyajua, kwa kuwa Kanari nako mreteni huota pamoja na mzeituni mwitu wa visiwani.

Ila msitu huu haukuwa wa miti miwili. Kulikuwa na almasigo, mti wa jamaa ya mpistachio unaopukutisha majani, na marmulani wenye majani mazito yanayong'aa. Kulikuwa na mtende wa Kanari, ambao leo umepandwa kwenye barabara za mijini dunia nzima, na drago, unaotoa utomvu mwekundu uliouzwa Ulaya kwa dawa na rangi. Chini ya miti hiyo kulikuwa na asumini ya manjano, vichaka vya guaidili vinavyojaa maua meupe, na aina nyingi za aeonio, mmea wa majani manene yaliyopangika duara ambao huchomoza hata kwenye ufa wa mwamba. Jenasi hiyo ya aeonio, iliyozaa makumi ya spishi visiwani, ina pia ndugu anayeishi kwenye miamba ya milima ya Ethiopia, Kenya na Uganda.

Undugu huo na Afrika Mashariki ni wa kushangaza, na mfano wake mzuri kuliko yote ni kanarina. Ni mmea unaotambaa, wenye ua la umbo la kengele, rangi ya machungwa iliyokolea na mishipa myekundu, na tunda lake linaliwa. Hupenda kivuli cha milaureli, lakini hushuka pia hadi kwenye mabonde ya msitu mkavu. Duniani kote kuna aina tatu tu za kanarina. Moja ni hii ya Kanari. Mbili zilizobaki ziko kwenye milima ya Afrika Mashariki, na mojawapo, inayoota juu ya matawi ya miti ya msituni, iliitwa kwa jina la msafiri Emin Pasha. Baina yao kuna maelfu ya kilomita na jangwa zima la Sahara. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba ukoo wa Kanari na ule wa Emin Pasha ziliachana yapata miaka milioni 7 iliyopita, wakati kaskazini mwa Afrika palipokuwa pakizidi kukauka na misitu ikijitenga pembezoni mwa bara. Baadhi ya mimea ya milima yetu na ya visiwa vile huenda ni mabaki ya uoto mmoja wa kale, na jambo hilo linastahili kufundishwa hata katika shule zetu.

Watu wa kwanza walitoka Afrika Kaskazini, jamii za Waamazighi, na ushahidi mwingi unaelekeza kwamba walihamia katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Walikuja na mbuzi, kondoo, nguruwe, mbwa na shayiri. Watafiti waliochimba tope la ziwa la kale la La Laguna, huko Tenerife, walikuta chavua za mialoni na za miti mingine ya Ulaya ambayo leo haipo tena kisiwani. Ilitoweka katika kipindi kilekile ambacho watu wanadhaniwa kuingia.

Kwa mireteni, mbuzi ndiye aliyekuwa na uzito kuliko shoka. Visiwa hivi havikuwa na mnyama mkubwa wa kula majani, na mimea yake mingi haikuwa na sababu ya kuota miiba au kutia sumu kwenye majani. Mbuzi haui mti mkubwa. Anakula mche. Msitu ulioachiwa mbuzi kwa miaka mingi huonekana mzima kwa mbali, kumbe ni wazee watupu wasio na watoto.

Hata hivyo, wakazi wale wa kwanza na msitu waliishi pamoja zaidi ya miaka elfu moja. Lililofuata lilikuwa la kasi nyingine kabisa.

Mwaka 1402 Jean de Béthencourt, Mnormandi, na mwenzake Gadifer de La Salle walifika Lanzarote. Normandi ilikuwa nchi ya wafumaji wa nguo, na moja ya vivutio vya Kanari ilikuwa marere, zile kuvumwani za kijivu za kwenye miamba ya bahari zinazotoa rangi ya zambarau. (Wafanyabiashara wa Unguja walisafirisha marere kwenda Ulaya katika karne ya 19, kwa kazi hiyo hiyo.) El Hierro ikaangukia mikononi mwa wageni mwaka 1405. Gran Canaria ilipigana hadi 1483, na Tenerife, ya mwisho, ikashindwa mwaka 1496 mbele ya kamanda wa Kihispania, Alonso Fernández de Lugo. Wengi wa wenyeji waliuawa, wakafa kwa maradhi au wakauzwa utumwani.

Washindi walitafuta mahali pa kukaa, na pazuri palikuwa mahali pamoja tu: ule mkanda wa kati, usio na ukungu wa milaureli wala ukame wa pwani. Hali ya hewa iliyoifaa mireteni na mizeituni ndiyo iliyowafaa watu, ng'ombe, ngano na miwa. Msitu wa milaureli ulipata hifadhi kidogo kwa unyevu na mawingu yake, na misonobari kwa urefu wa milima. Mireteni haikuwa na kinga ya aina hiyo. Vijiji na miji, barabara za farasi, makanisa na visima vilijengwa juu yake.

Kwanza ilikuja sukari. Viwanda vya kuchemsha maji ya miwa vilimeza kuni usiku na mchana. Sukari ya Karibi ilipoishinda ile ya Kanari, ikaja divai. Malvasia ya Tenerife ilinywewa London kiasi kwamba Shakespeare aliitaja divai ya Kanari katika tamthilia zake. Karne ya 19 ikaja zamu ya mpungate wa Meksiko, uliopandwa kwa ajili ya wadudu wa kochinili wanaotoa rangi nyekundu, hadi rangi za viwandani zilipoiua biashara hiyo. Mpungate haukuondoka na biashara yake. Mpaka leo umetapakaa kwenye miteremko mikavu pamoja na mimea ya jamaa ya mkonge, ukikalia udongo uliokuwa wa mireteni.

Na wakati huo wote mti wenyewe ulikatwa, maana mbao zake ni ngumu kuoza na wadudu hawazipendi. Ziliingia kwenye boriti za nyumba, vizingiti vya milango na nguzo za mizabibu. Vipande visivyonyooka vikawa makaa.

Katika kisiwa cha El Hierro historia ilikwenda njia ya pembeni. Kisiwa hiki hakina mto hata mmoja, na kwa karne nyingi wakazi wake walisifika kwa mti mmoja, Garoé, mlaureli mkubwa uliokinga ukungu kwa majani na kudondosha maji kwenye mashimo yaliyochimbwa chini yake. Dhoruba iliung'oa mwaka 1610. Nchi isiyo na maji haikufaa miwa. Ncha yake ya magharibi, iitwayo La Dehesa, haikugawiwa mtu binafsi. Ilibaki malisho ya wote. Hapo ndipo ilipo ile mireteni ambayo picha zake zimesambaa duniani.

Miti hiyo imelazwa na upepo. Shina moja linaweza kuinuka mita moja tu, kisha likajikunja lote kuelekea upande mmoja mpaka matawi yakagusa ardhi, gome limechubuka, mbao ndani imejisokota kama kamba iliyofumwa na mikono miwili. Upande unaopigwa na upepo umekufa na kuwa mweupe. Upande wa nyuma bado una majani mabichi na matunda. Ukiinama chini ya taji hilo lililogusa ardhi unakuta udongo mweusi kidogo, majani makavu na kinyesi cha kondoo: wanyama hupumzikia hapo jua likiwa kali, na mche wowote utakaothubutu kuota utaliwa kabla haujafikisha kimo cha kidole.

Wachungaji wa La Dehesa hawakuwa maadui wa miti hiyo. Waliihitaji kwa kivuli, na malisho ya wote yaliwazuia matajiri wasiyalime. Katika eneo hilo hilo kuna kanisa dogo la Bikira wa Wafalme, ambaye sanamu yake, kwa simulizi ya wenyeji, wachungaji walipewa na mabaharia mwaka 1546, kwa kubadilishana na chakula. Ukame wa mwaka 1740 ulipozidi, watu waliibeba sanamu hiyo kutoka La Dehesa hadi mji wa Valverde, na mvua ikanyesha. Wakaweka nadhiri kuirudia safari hiyo kila baada ya miaka minne, na hadi leo sanamu hubebwa mabegani juu ya mgongo wa kisiwa, wachezaji wenye kastaneti na filimbi wakiitangulia. Kwa maoni yangu, sheria ya malisho ya pamoja na ibada hiyo viliiokoa miti mikongwe ya El Hierro. Kilichoshindikana ni kuipatia warithi.

Baada ya Humboldt walikuja wengine. Charles Darwin alifika Santa Cruz Januari 1832 akiwa na hamu kubwa ya kuiona Tenerife, lakini meli yake ilitoka Uingereza wakati wa kipindupindu. Wakaambiwa wakae karantini siku 12, nahodha akang'oa nanga. Kabla yake, mwaka 1815, Mnorwe Christen Smith alikuwa amezunguka visiwa hivi pamoja na mwanajiolojia Leopold von Buch, akikusanya mimea na kupima urefu wa mahali ilipoota. Mwaka uliofuata Smith alijiunga na msafara wa Kapteni James Tuckey, uliotumwa na Uingereza kuupanda Mto Kongo. Homa iliwamaliza wengi wao. Smith alikufa Septemba 1816, akiwa na miaka 30, na Tuckey akamfuata siku chache baadaye. Maandishi ya Smith kuhusu Kanari yalimfaa von Buch katika kitabu alichokitoa mwaka 1825, na aina moja ya aeonio ya Tenerife imebeba jina lake. Mtu huyu alikuwa na Kanari mkononi na Kongo mbele yake, pande mbili za uoto ule wa kale wa Afrika; laiti angaliishi.

Philip Barker Webb na Sabin Berthelot walifuata na kazi yao kubwa ya majuzuu mengi kuhusu visiwa hivi, iliyoanza kutoka katika miaka ya 1830. Mwaka 1951 wataalamu wa misitu wa Kihispania Luis Ceballos na Francisco Ortuño walichapisha uchunguzi wa uoto wa visiwa vya magharibi, na ndani yake mireteni na jamaa zake inasomeka sasa kama sehemu ya historia ya msitu wenyewe. Mwaka uliofuata Msweden Eric Sventenius alianzisha huko Gran Canaria bustani ya mimea ya visiwani tu, kwenye korongo lenye mabaki ya mizeituni mwitu na drago. Alipanda genge kwa genge akitafuta mimea iliyokimbilia mahali mbuzi hafiki, akaleta mbegu na kuziotesha. Aligongwa na gari na kufa mwaka 1973, nje ya bustani yake.

Makorongo ya namna hiyo ndiyo maktaba ya msitu mkavu. Mimea mingi ya mkanda wa mireteni leo inaonekana kwenye majabali wima, hata mtu akadhani ndiyo makazi yake. Majabali ni kimbilio tu. Miti mingi ya drago ya mwituni imening'inia huko kwa sababu ile ya tambarare ilishakatwa.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo wataalamu wa miti walichelewa kuiona, nayo ni wanyama. Tunda la mreteni halipeperuki. Lazima liliwe. Kunguru mkubwa mweusi wa visiwani hulimeza, huruka nalo kilomita kadhaa na kutapika mbegu kwenye mwamba au ukingo wa shamba. Mijusi nao hula matunda ya vichaka vingi vya msitu huu, na zamani walikuwa wakubwa na wengi. Mjusi mkubwa wa El Hierro alidhaniwa ametoweka kabisa, akaja kuonekana tena mwaka 1974 kwenye genge la Fuga de Gorreta. Tangu hapo amezalishwa kituoni na kurudishwa porini. Kunguru wamepungua sana visiwani. Kila kunguru anayekosekana ni shamba moja lisilopelekewa mbegu.

Mwaka 1948 ukame mkali uliipiga El Hierro, na watu wengi wakahamia Venezuela. Miaka ya 1960 hoteli za pwani zikawavuta waliobaki. Matuta ya mawe yaliyolimwa kwa karne nyingi yakaachwa, na mbuzi wakapungua. Kaskazini mwa La Gomera, kwenye miteremko ya Vallehermoso na Agulo, ambako pamebaki misitu mipana ya mireteni kuliko yote visiwani, miche imeanza kuingia kwenye mashamba hayo ya zamani. Vichaka stahimilivu hutangulia, mreteni hufuata chini ya kivuli chao, pole pole mno. Kwingineko, kama Teno huko Tenerife, watu wameotesha na kupanda miche na kuikinga kwa uzio.

Juu zaidi, kwenye miamba ya Teide, anaishi ndugu wa mreteni huu, aitwaye sedro, na mti wake mmoja umekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,400. Mbegu zake hubebwa na ndege wahamiaji wa jamii ya mkesha wanaokuja kupisha baridi ya Ulaya. Mapema miaka ya 1970, serikali ya Hispania ilipokwisha kuitangaza Teide hifadhi ya taifa, waliletwa kondoo mwitu wa mufloni ili wawindaji wapate mnyama wa kuwinda, na huko La Palma wakaletwa kondoo wa Barbari. Wote wawili wanakula miche. Wasimamizi wa hifadhi huwawinda kila mwaka ili kuwapunguza, na wanaowatetea bado wapo. Mimi sioni ugumu wa uamuzi huo. Mufloni ana milima mingine duniani ya kuishi, na sedro hana ila ya visiwani.